Jinsi Noa na Nyoa Yalivyoachana

Kaeni tu, umeme haurudi sasa hivi. Mashine za mjukuu wangu zimezimika zote, na huyu bwana kwenye kiti kichwa chake kimeachwa nusu, upande mmoja msitu, upande mmoja uwanja wa mpira. Hawezi kutoka nje hivyo, watoto watamfuata mpaka kwao. Ndiyo maana mmenitoa kwenye kona yangu pamoja na wembe wangu wa kukunja, ambao nilidhani nimeshauweka moja kwa moja. Sawa, nitammalizia. Ila alikuja kutaka mtindo, ataondoka na kipara.

Sasa kabla sijamgusa niliupitisha wembe kwenye mkono wangu mwenyewe, hapa chini ya kiwiko, na mmoja wenu akacheka, akauliza kama namnyoa mteja au najinyoa mimi. Siku hizi sina nguvu ya kujibu kila swali. Mgongo unaniuma, na maneno yananichosha kuliko kazi. Lakini hili nitalijibu, kwa sababu wembe umenikwama mkononi. Umelala muda mrefu bila kuguswa, na lazima niurudishe kwenye jiwe. Nikiwa nanoa nitasema. Habari hii ya mkono haikuanza na mkono, ilianza na neno.

Ulikuwapo wakati ambapo watu walikuwa na neno moja tu kwa kazi zote mbili za wembe. Waliposugua chuma kwenye jiwe mpaka kikapata makali, walisema wananoa. Walipoondoa nywele kichwani au ndevu kidevuni, walisema vilevile wananoa. Mtu alinoa wembe, kisha akanoa kichwa. Haikuwa tabu kwa yeyote, kwa sababu aliyefanya hili ndiye aliyefanya lile. Alikuwa peke yake na chuma chake, hana wa kumwagiza wala wa kumwelewa vibaya. Mimi nitatumia maneno ya leo ili msipotee, lakini kumbukeni kuwa wao walikuwa na hilo moja tu.

Wakati huo, kwenye mteremko wa mlima uliokuwa ukipata mvua mara moja kwa mwaka, palikuwa na mji wa wachonga vinu ulioitwa Kizere. Mji mzima ulikuwa na wembe mmoja. Ulifuliwa na mhunzi mpita njia, akaenda zake asionekane tena, na aliyekuwa akiushika alikuwa mzee mmoja jina lake Shekwavi. Shekwavi alianza kazi hiyo ndevu zake mwenyewe zikiwa hazijaota. Aliwanyoa wachanga walipotolewa nje, akawanyoa maharusi, akawanyoa wafiwa, na waliokufa akawanyoa pia. Hapakuwa na kichwa cha Kizere ambacho hakikupita mikononi mwake. Na kazi hiyo haina kupumzika, maana nywele hazipumziki. Unamaliza mji mzima, unageuka, na wa kwanza ameshaota tena.

Kazi ambayo hata yeye aliiogopa ilikuwa ya matanga. Mjane wa Kizere alikaa ndani siku arobaini. Alilala kwenye mkeka, hakushika jembe, hakupaza sauti. Hata shamba lake halikuguswa na jirani wala ndugu, kwa kuwa waliamini mbegu iliyopandwa kwenye shamba la msiba haioti. Siku zilihesabiwa na bibi mmoja, Bibi Mashambo, mkubwa kuliko wote mjini, aliyekuwa na kamba yenye mafundo arobaini. Kila jioni alipita kwa mjane akafungua fundo moja. Fundo la mwisho likifunguka, mjane alitolewa uani, akakalishwa kwenye kigoda, na zile nywele zilizokaa na msiba zikanyolewa zote. Akiinuka pale amemaliza. Anaoga, anashika jembe, akitaka kucheka anacheka.

Ila yalikuwapo masharti mawili. La kwanza, uani pale halikusemwa neno lolote isipokuwa neno la kazi. La pili, damu isionekane. Tone moja likitokea kichwani kwa mfiwa, watu walijua marehemu bado ameshika wembe, hajakubali kuachia. Hapo Bibi Mashambo aliifunga kamba upya, mafundo yote arobaini, na mjane akarudi ndani kuanza tena.

Mwaka mmoja mti ulimwangukia mchonga vinu mmoja msituni, akafa papo hapo. Akamwacha mke na watoto watatu. Mke huyo aliitwa Semeni, na kwa jina hilo hilo alikaa siku arobaini bila kusema kwa sauti. Zilipotimia akatolewa uani, na Shekwavi akaja na wembe.

Mnatakiwa kujua kwamba mkono wa Shekwavi ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka uliotangulia. Alikuwa akiuficha. Akiwanyoa watu asubuhi alisingizia baridi, akiwanyoa mchana alisingizia njaa, na mara nyingi aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama anayefikiri. Siku hiyo alimnyoa Semeni vizuri kuanzia paji la uso mpaka utosini. Alipofika nyuma ya sikio, mkono ukaruka. Kovu lenyewe lingekuwa dogo, chini ya punje ya mtama, lakini damu ilitoka na watu waliiona.

Bibi Mashambo akafunga kamba. Semeni alimtazama anavyofunga, fundo moja baada ya jingine, kisha akainuka akaingia ndani. Wanawake wakaambiana njiani kwamba kumbe marehemu alimpenda mkewe kiasi hiki. Shekwavi aliwasikia. Alijua ni mkono wake, hakuna mwingine. Angesema siku ile ile, mimi leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini alikuwa amewanyoa watu miaka yote hiyo bila kosa, akaona aibu, akakunja wembe akaenda kwake. Simtetei. Nimekuwa kinyozi miaka hamsini na mbili, naijua aibu ile, na bado simtetei.

Usiku wala mchana hakupata raha. Alihesabu. Siku nyingine arobaini zingeishia pale pale mvua inapoanza. Mvua ya Kizere ilikuwa moja, na mbegu isiyoingia ardhini ndani ya siku tatu nne za mwanzo ilikuwa imekosa mwaka. Semeni akitoka salama mara ya pili, atawahi kupanda. Damu ikitoka tena, ghala lake halina kitu, na watoto watatu wataishi kwa kuombaomba mpaka mwaka mwingine. Shekwavi aliutazama mkono wake ukitetemeka juu ya goti. Akamwita binti yake.

Binti huyo aliitwa Mkunde, mwanamke mzima, mwenye mume na watoto, fundi wa kusuka mikeka. Vidole vyake vilikuwa vimetulia.

"Mkono wangu umekwisha, mwanangu," alimwambia. "Sijamwambia mtu. Nataka siku ya Semeni umnyoe wewe."

"Baba, mimi? Sijawahi kushika hata kisu cha kuku bila kujikata."

"Utajifunza. Tuna siku arobaini."

Mkunde akamtazama. "Na kile kidonda cha Semeni, baba? Kilitokana na nini?"

Shekwavi alijifanya anatafuta jiwe la kunolea chini ya kitanda, akalitafuta kwa muda mrefu sana.

Basi akamfundisha. Hakuanza na kichwa cha mtu. Alianza na mamumunye. Mumunye changa lina vinyweleo laini juu ya ganda, na ganda lenyewe ni teketeke, ukilikwaruza linatoa maji kama linalia. Mkunde alikaa mbele ya baba yake na lundo la mamumunye na kuyanyoa moja moja. Shekwavi alimfundisha kulainisha kwanza kwa maji ya vuguvugu, kuvuta ngozi kwa kidole gumba cha mkono wa pili, kuulaza wembe uwe karibu kulala kabisa, na kufuata vinyweleo vinakoelekea. Alimwambia usiukandamize, chuma chenyewe kina uzito wa kutosha. Yaliyokwaruzwa yalikwenda jikoni. Mume wa Mkunde alikula mumunye la nazi, mumunye la karanga, mumunye la chumvi tupu, mpaka akaanza kwenda kula kwa dada yake. Siku ya ishirini Mkunde alinyoa mamumunye kumi bila hata moja kulia. Siku ya thelathini alimnyoa mumewe ndevu, naye akasinzia katikati.

Lakini kunoa hakumfundisha sana. Alimwonyesha mara mbili tatu: wembe unalazwa bapa juu ya jiwe lenye maji, mgongo na makali vyote viguse, unasukuma makali yakitangulia, unageuza kwa mgongo, unarudi. Kisha ngozi ya mbuzi, na huko mgongo ndio unaotangulia, vinginevyo unachana ngozi. Baada ya hapo alimwambia aliache jiwe, hilo atalifanya yeye. Mkono unaotetemeka haufai kichwani kwa mtu, alisema, ila kwenye jiwe haumuumizi yeyote. Nadhani pia alikuwa anataka abaki na kitu. Mzee akishanyang'anywa kazi yote anabaki anahesabu kuku.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba, kwa mara ya kwanza, kazi ya wembe ikagawanywa kwa watu wawili. Mmoja wa jiwe, mwingine wa kichwa. Kazi ikawa mbili, na neno likabaki moja. Hakuna aliyeliona hilo.

Katika siku hizo Mkunde alikuwa akimpelekea Semeni maji. Walinong'ona, maana kunong'ona hakukukatazwa.

"Nimechoka kulia, Mkunde," Semeni alimwambia siku moja. "Machozi yenyewe yameisha. Bibi Mashambo akipita jioni nakunja uso tu, aone nina msiba. Akitoka nawaza shamba."

"Vumilia, dada. Zimebaki chache."

"Hivi kweli ni yeye amenishika? Alipokuwa hai hakuwa mtu wa kunishikashika. Nikimwambia nakwenda kwetu, alisema nenda."

 Mkunde alichukua mtungi akaondoka.

Siku ya arobaini ya pili ilipofika, mvua ilikuwa imeshaanza. Ilinyesha siku mbili, ikaacha alfajiri ya siku ile, na mteremko wote ukanuka udongo. Majirani wa Semeni walikuwa wamepanda jana yake. Jembe lake liliegemezwa mlangoni, na mtoto wake mkubwa alikuwa amekaa kando ya jembe na kibuyu cha mbegu mapajani. Semeni akatoka, akakaa kwenye kigoda. Nywele zilizokuwa zimenyolewa mara ya kwanza zilikuwa zimeota tena, nyeusi na nzito. Watu wakajipanga ukutani, wakanyamaza. Bibi Mashambo alikaa mbele na kamba yake iliyonyooka.

Shekwavi alikuwa amenoa tangu kulipopambazuka, na wembe ulikuwa mzuri. Alikuja nao uani pamoja na jiwe na ngozi, ili aupitishe kwenye ngozi mara ya mwisho mbele za watu, kama ilivyokuwa desturi. Hapo mkono ukaruka tena. Makali yakagonga ukingo wa jiwe, tik, sauti ndogo ambayo yeye peke yake aliisikia. Akainua wembe akautazama kwa mwanga. Makali yalikuwa yamejikunja katikati.

Sasa angefanya nini? Ilibidi urudi kwenye jiwe, tena kwa muda mrefu, na mkono wake kwa wakati ule ulikuwa ukitikisika waziwazi. Hakuruhusiwa kueleza. Neno la kazi lilikuwa moja. Alilisukuma jiwe kwa mguu mpaka miguuni kwa Mkunde, akamnyooshea wembe, akasema, "Noa."

Mkunde aliutazama wembe. Hakuutazama mguu.

Kwake yeye kila kitu kilikuwa tayari. Baba amemaliza kazi yake, mjane amekaa, watu wanasubiri, na sasa anaambiwa aanze. Alimlowesha Semeni kwa maji ya vuguvugu, akavuta ngozi ya paji kwa kidole gumba, akaulaza wembe. Shekwavi alikuwa amefumba macho kwa uchovu, akisubiri kusikia chuma kwenye jiwe.

Wembe haukuteleza. Ulizishika nywele ukazivuta, na vidole vya Semeni vikakaza kwenye kigoda. Mkunde akadhani kosa ni lake. Pengine ameulaza mno, pengine anaogopa. Akamtazama baba yake. Shekwavi naye alikuwa amefumbua macho, akaona wembe uko kichwani.

"Noa!" alisema.

Mkunde akatikisa kichwa kwamba amesikia, akaongeza nguvu kidogo.

"Noa! Noa!"

Akaongeza tena. Mzee anamwambia rudi kwenye jiwe, binti anasikia endelea na kichwa. Kila alivyomzuia ndivyo alivyozidi kumsukuma. Nimewahi kuwasimulia watu hapa wakacheka, na mimi huwaacha wacheke, maana kweli inachekesha. Ila Semeni hakucheka. Wembe ulikwama, ukaruka, na mstari mwekundu ukashuka kwenye paji la uso wake mpaka kwenye nyusi.

Ua mzima ulivuta pumzi. Bibi Mashambo aliishika kamba yake mwanzoni akafunga fundo la kwanza. Semeni hakumtazama safari hii. Alitazama mlangoni, kwenye jembe na mtoto mwenye kibuyu. Yule mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa maana ya fundo lile, na alianza kulia bila sauti, mdomo wazi.

Mkunde ndipo alipoinamisha macho akaona jiwe miguuni pake. Likiwa limelowa, limewekwa tayari. Alielewa yote kwa mara moja, na alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kusema kwamba si marehemu, ni wembe, ni neno tu, nilisikia vibaya. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa desturi, na Bibi Mashambo alikuwa amefika fundo la tatu.

Basi alikunja nguo yake mpaka juu ya kiwiko. Mkono wake ulikuwa mkono wa mtu asiye na msiba wowote. Baba yake yuko pale, mume wake yuko ukutani, watoto wake wamekaa mbele, wazima wote. Akaulaza ule wembe kwenye mkono wake mwenyewe, kama alivyoulaza kichwani kwa Semeni, akavuta. Ukamchana vilevile, na damu ikatoka vilevile.

Kisha akasema neno pekee aliloruhusiwa. Kwanza alilionyesha jiwe kwa kidole, akasema, "Noa." Halafu akaunyanyua mkono wake unaovuja ili wote wauone, akataka kulirudia neno lile lile, lakini maumivu yakamkuta katikati. Akakunja uso, ulimi ukapanda juu ukabana, na neno likatoka limebanwa na kilio.

"Nyoa," alisema.

Akaonyesha tena jiwe: noa. Akaonyesha mkono, na kichwa cha Semeni: nyoa. Watu walisikia. Lilikuwa neno lile walilolijua, ila sasa yalikuwa mawili, na moja lilikuwa na uchungu ndani yake.

Bibi Mashambo akaacha kufunga. Aliutazama mkono wa Mkunde, kisha akavunja ukimya wa uani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Wewe umefiwa na nani?"

"Sijafiwa, bibi."

"Mbona damu?"

"Wembe butu, bibi."

"Basi huyo marehemu hakuushika."

 Hapo Shekwavi akapiga magoti.

"Ni mimi," alisema. "Leo nimeugonga kwenye jiwe. Na ile siku ya kwanza, nyuma ya sikio, wembe ulikuwa mkali kabisa. Ni mkono wangu uliotetemeka. Nilijua, nikanyamaza."

Semeni alimgeukia. Uso wake ulikuwa na damu na maji, na macho yalikuwa makavu.

"Siku arobaini, mzee," alisema.

"Siku arobaini, mwanangu."

"Nimekaa mle ndani nikimchukia mume wangu. Nilidhani ananizuia. Siku arobaini namchukia maiti wa watu ambaye hakunikosea kitu."

Shekwavi akainamisha kichwa. Na mimi kila ninapofika hapa nachoka, nachoka kweli, kwa sababu siku hizo alizochukuliwa hakuna mtu angeweza kumrudishia. Kidonda cha wembe kinapona kwa siku tatu.

Bibi Mashambo akafungua mafundo yale matatu, taratibu, kwa kucha zake za uzee. Kisha akaitupa kamba nzima kwenye moto uliochemshia maji.

"Haya, mnimalizie," Semeni alisema. "Udongo unakauka."

Mkunde akaketi chini akanoa. Mbele za watu wote, mkono ukimvuja, alisukuma wembe juu ya jiwe, akageuza kwa mgongo, akarudisha, na baba yake aliyepiga magoti pembeni alimwelekeza kwa sauti ya chini. Alipomaliza ngozi ya mbuzi hakwenda kwa Semeni. Aliupitisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kando ya kidonda. Ukavuta kidogo. Akarudi kwenye jiwe. Akajaribu tena, na safari hii vinyweleo vilianguka vyenyewe, ngozi isihisi kitu. Ndipo aliposimama, akasema lile neno jipya polepole, akamnyoa Semeni kichwa kizima bila tone.

Semeni hakushukuru mtu. Aliosha uso, akachukua jembe, akamshika mtoto mkono, akashuka shambani. Shekwavi aliwafuata kwa mbali. Alisimama mpakani muda mrefu mpaka Semeni alipochoka kumwona pale, akamnyooshea kiganja kimoja cha mbegu na kumwonyesha tuta la pembeni kabisa. Mzee akapanda. Kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitetemeka, katika kila shimo ziliingia mbegu nne badala ya mbili, na mahindi ya tuta lile yaliota yakisongana. Hakushika wembe tena. Alinoa visu vya jirani mpaka alipokufa, na aliyemnyoa siku hiyo alikuwa Mkunde.

Na tangu siku hiyo kunoa ni kwa jiwe na kunyoa ni kwa mtu. Yameachana, lakini hayajafika mbali. Mtoto anayejifunza kusema bado anayachanganya, na hata mtu mzima akisema haraka hayasikiki vizuri. Na tangu siku hiyo damu ya wembe kichwani kwa mfiwa ni kosa la kinyozi, haihesabiwi kwa marehemu. Na kinyozi anayejua kazi yake haamini neno, hata akilisikia vizuri, wala haamini jiwe, wala mkono wake uliozoea. Anaupeleka wembe kwanza kwenye mwili wake mwenyewe. Ukiwa na deni la damu, ulipwe pale.

Ndiyo maana hapa pangu hapaoti kitu. Tazameni. Mkono huu mwingine una vinyweleo kama wa kila mtu, huu ni kiwanja kitupu tangu nikiwa kijana. Nimeujaribia wembe hapa kabla ya kila kichwa, na siwezi kuwaambia ni vichwa vingapi. Nimechoka, mjue. Mjukuu wangu ananiambia nipumzike, mashine hazihitaji mkono wa mtu. Anasema kweli. Leo tu ndiyo hazina umeme.

Haya bwana, kaa vizuri, inua kidevu. Ngoja niupanguse. Sasa hapa mkononi... Hapana. Umevuta. Kidogo sana, wewe usingejua, ila umevuta.

Msigune. Najua mmekaa muda mrefu, na huyu anataka kwenda kwake. Atakaa dakika tano zaidi. Semeni alikaa siku arobaini.

Nipeni hilo jiwe.